Upasuaji wa glaukoma iliyokomaa

Upasuaji wa glaukoma iliyokomaa ni tiba ya kushusha presha ya jicho kwa njia ya operesheni, kwa mgonjwa ambaye glaukoma imekwisha kumharibia sehemu kubwa ya uwezo wa kuona. Operesheni inayofanywa zaidi huitwa trabekulektomia. Nyingine ni kupandikiza mrija wa kutolea majimaji ya jicho, na kutumia leza kupunguza utengenezaji wa majimaji hayo.

Tofauti na upasuaji wa mtoto wa jicho, operesheni hii hairudishi uoni uliopotea. Lengo lake ni kulinda uoni uliobaki. Kwa sababu hiyo mafanikio yake hayaonekani siku bandeji inapoondolewa, bali hupimwa kwa miaka: presha imekaa chini kiasi gani, na eneo la kuona limebaki kama lilivyokuwa au limeendelea kupungua.

## Glaukoma na hatua zake

Glaukoma ni kundi la magonjwa yanayoharibu neva ya jicho, yaani fungu la nyuzi zipatazo milioni moja zinazopeleka habari kutoka retina hadi ubongoni. Nyuzi zilizokufa haziwezi kuota tena, wala hakuna dawa, miwani au operesheni inayoweza kuzirudisha. Ndiyo maana glaukoma inahesabiwa kuwa sababu ya kwanza duniani ya upofu usioweza kuponywa. Ilikadiriwa kwamba mwaka 2020 watu milioni 76 hivi walikuwa na ugonjwa huu, na kwamba idadi hiyo itafikia milioni 112 mwaka 2040.

Ndani ya jicho, nyuma ya irisi (sehemu yenye rangi), hutengenezwa majimaji safi wakati wote. Majimaji hayo, ambayo si machozi, hupita kwenye mboni na kutoka kupitia tishu iliyo kama chujio katika pembe kati ya irisi na konea. Chujio hilo likipitisha kwa shida, majimaji hujaa na presha ya jicho hupanda. Kwa kawaida presha hiyo huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki (mmHg). Hata hivyo, kuna watu ambao neva yao huharibika ingawa presha haizidi kiwango hicho.

Katika aina iliyo ya kawaida zaidi barani Afrika, yaani glaukoma ya pembe wazi, mgonjwa hasikii maumivu. Uoni wa pembeni ndio hupotea kwanza, na kwa kuwa jicho moja hufidia upungufu wa lingine, mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kutambua. Anaweza hata kusoma herufi ndogo kwenye ubao wa kliniki huku eneo lake la kuona limebaki dogo, kama la mtu anayechungulia kwenye tundu. Dalili anazoziona yeye na jamaa zake ni za maisha ya kila siku: kujikwaa kwenye ngazi, kugongana na watu sokoni, kutoiona pikipiki inayotokea upande.

Madaktari hupima eneo la kuona kwa mashine inayoonyesha vidoa vya mwanga, na upungufu huandikwa kwa desibeli. Katika mgawanyo unaotumika sana, upungufu wa wastani unaozidi desibeli 12 huhesabiwa kuwa glaukoma iliyokomaa. Vilevile, jicho ambalo upofu umeshafika karibu kabisa na katikati ya eneo la kuona huwekwa katika kundi hilo.

## Kwa nini presha ishushwe zaidi

Presha ndiyo kitu pekee katika glaukoma ambacho tiba imethibitika kuweza kukibadilisha kwa manufaa ya mgonjwa. Ugonjwa ukiwa mchanga, kushusha presha kwa kiasi kunaweza kutosha. Ugonjwa ukikomaa, nyuzi zilizobaki ni chache, na upotevu mdogo tu unaweza kumfanya mtu ashindwe kusoma au kutembea peke yake. Kwa hiyo madaktari wengi hulenga presha ya chini zaidi kwa wagonjwa hawa, mara nyingi karibu na 12 mmHg.

Lengo hilo linatokana kwa sehemu na utafiti wa Marekani unaojulikana kwa kifupi kama AGIS, ulioanza kuandikisha wagonjwa mwaka 1988. Ulihusisha watu 591, wenye jumla ya macho 789, ambao glaukoma yao haikutulizwa na dawa peke yake. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2000, macho ambayo presha yake ilikuwa chini ya 18 mmHg katika kila ziara ya kliniki kwa miaka 6 yalikuwa na wastani wa presha wa 12.3 mmHg, na kwa wastani eneo lao la kuona karibu halikubadilika. Macho ambayo presha yake ilipanda na kushuka, au ilikaa juu, yaliendelea kupoteza uoni.

Matone ya macho yanaweza kufikisha presha katika kiwango hicho kwa baadhi ya wagonjwa. Wengine huhitaji dawa tatu au nne kila siku maisha yao yote na bado hawafiki. Hapo ndipo upasuaji huzungumziwa.

## Aina za upasuaji

### Trabekulektomia

Katika trabekulektomia daktari hutengeneza njia mpya ya majimaji kutoka ndani ya jicho. Operesheni hufanywa chini ya kope la juu, kwa ganzi ya sindano kwa watu wazima walio wengi, na kwa kawaida huchukua takriban saa moja au pungufu.

Kwanza daktari hufunua utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho. Kisha hukata kifuniko kidogo katika weupe wenyewe bila kupenya hadi ndani, na chini ya kifuniko hicho hutoboa tundu linaloingia mahali palipo na majimaji. Kifuniko hurudishwa na kushonwa kwa nyuzi nyembamba, si kwa kukaza sana wala kulegeza sana, ili majimaji yavuje polepole. Majimaji hukusanyika chini ya utando na kufanya uvimbe mdogo kama lengelenge, ambao kwa kawaida hufichwa na kope. Kutoka hapo hunyonywa na mishipa ya damu iliyo karibu.

Adui mkubwa wa operesheni hii ni kovu. Mwili huliona tundu hilo kama jeraha na hujaribu kuliziba. Ili kuzuia hali hiyo, wakati wa operesheni daktari huweka kwa dakika chache sponji iliyoloweshwa dawa ya kuzuia kovu, hasa mitomisini C au fluorourasili. Zote mbili ni dawa zilizoanza kutumika katika tiba ya saratani.

### Mrija wa kutolea majimaji

Katika operesheni hii mrija mwembamba wa silikoni huingizwa ndani ya jicho na kuunganishwa na kibati kidogo kinachoshonwa juu ya weupe wa jicho, nyuma ya kope. Majimaji hupita katika mrija hadi kwenye kibati na kunyonywa hapo. Mirija inayojulikana zaidi ni ya Molteno, Baerveldt na Ahmed. Ule wa Ahmed una vali inayozuia majimaji yasitoke yote mara moja, ilhali mingine hufungwa kwa uzi kwa muda wa wiki kadhaa mpaka kovu la wastani lijengeke kuzunguka kibati. Nchini India kampuni ya Aurolab hutengeneza mrija usio na vali kwa bei nafuu, na huo umeanza kutumika katika nchi nyingine zenye kipato kidogo.

Mrija huchaguliwa hasa kwa jicho lililokwisha kufanyiwa operesheni nyingine, au pale ambapo trabekulektomia imeziba.

### Leza ya kupunguza majimaji

Badala ya kufungua njia ya kutokea, leza hii huunguza sehemu ya tishu inayotengeneza majimaji. Haihitaji kukata jicho, huchukua dakika chache, na inaweza kurudiwa. Zamani ilitumika karibu tu kwa macho yaliyokwisha pofuka na yenye maumivu, kwa sababu inaweza kupunguza uoni. Siku hizi hutumika pia kwa baadhi ya macho yanayoona, hasa mahali penye wapasuaji wachache au kwa mgonjwa asiyeweza kurudi kliniki mara kwa mara.

### Pamoja na mtoto wa jicho

Wazee wengi wana glaukoma na mtoto wa jicho kwa pamoja. Daktari anaweza kuondoa mtoto wa jicho na kufanya trabekulektomia katika operesheni moja, au kuzitenganisha. Kwa mgonjwa wa namna hii uoni unaweza kuongezeka baada ya operesheni, lakini ongezeko hilo linatokana na lenzi mpya na si na tiba ya glaukoma.

## Historia

Mwaka 1857 daktari Mjerumani Albrecht von Graefe alieleza jinsi kukata kipande cha irisi kulivyowasaidia baadhi ya wagonjwa wa glaukoma. Hiyo ndiyo iliyokuwa operesheni ya kwanza yenye mafanikio dhidi ya ugonjwa uliokuwa ukihesabiwa kuwa hauna tiba. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilifuata operesheni za kutoboa weupe wa jicho moja kwa moja, ikiwemo ile ya Robert Henry Elliot aliyefanya kazi Madras, India. Zilishusha presha, lakini kwa kuwa tundu halikuwa na kifuniko, majimaji yalitoka kupita kiasi, na maambukizi yalikuwa tishio.

Trabekulektomia ya kisasa ilielezwa na John Cairns wa Cambridge, Uingereza, mwaka 1968. Cairns alidhani kwamba kwa kuondoa kipande cha chujio majimaji yangeingia katika mfereji wa asili wa jicho. Baadaye ilibainika kwamba operesheni ilifanikiwa kwa sababu nyingine: majimaji yalivuja chini ya utando na kufanya lengelenge. Kifuniko chake ndicho kilicholeta usalama ambao operesheni za zamani hazikuwa nao.

Karibu na wakati huohuo, Anthony Molteno alitengeneza mrija wake nchini Afrika Kusini, na mirija mingi iliyofuata ilichukua wazo lake la kibati. Dawa za kuzuia kovu zilianza kutumika katika miaka ya 1980. Tangu hapo kazi kubwa imekuwa kupunguza madhara: kushona kwa nyuzi zinazoweza kulegezwa baada ya operesheni, na kuipaka dawa ya kovu kwenye eneo pana ili lengelenge lisiwe jembamba mno.

## Matokeo

### Presha ya jicho

Uchambuzi wa vituo kadhaa vya Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, ulifuatilia macho 428 yaliyofanyiwa trabekulektomia. Baada ya miaka 2 wastani wa presha ulikuwa 12.4 mmHg. Asilimia 80 ya macho yalikuwa na presha isiyozidi 21 na iliyoshuka kwa angalau asilimia 20 bila dawa yoyote. Pamoja na waliohitaji matone ya nyongeza, kiwango kilifikia asilimia 87.

Kwa macho yaliyokwisha kufanyiwa operesheni kabla, utafiti wa Marekani ulilinganisha mrija wa Baerveldt na trabekulektomia kwa wagonjwa 212. Matokeo ya miaka 5, yaliyotolewa mwaka 2012, yalionyesha kwamba mrija ulishindwa kwa asilimia 29.8 na trabekulektomia kwa asilimia 46.9. Kwa wale ambao hawakushindwa presha ilikuwa chini katika makundi yote mawili. Kwa jicho ambalo halijapata kuguswa, picha ni tofauti: utafiti uliofuata ulionyesha kwamba katika mwaka wa kwanza trabekulektomia hushindwa mara chache zaidi kuliko mrija.

Namba hizi zinaonyesha pia kwamba operesheni si ya kudumu kwa kila mtu. Tundu linaweza kuziba baada ya mwezi mmoja au baada ya miaka kumi, na mgonjwa akarudi kwenye matone au akahitaji operesheni nyingine.

### Uoni

Swali lililowagawa madaktari kwa muda mrefu ni kama mgonjwa anayegunduliwa akiwa amechelewa aanze na matone au apasuliwe mapema. Majibu yametoka hasa katika tafiti mbili.

Ya kwanza, iitwayo CIGTS, ilifanyika Marekani kwa wagonjwa wapya 607 waliogawanywa kwa kura kati ya dawa na trabekulektomia. Kwa jumla makundi yalikaribiana. Lakini uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba wale walioanza wakiwa na uharibifu mkubwa wa eneo la kuona walihifadhi uoni zaidi walipoanza na upasuaji.

Ya pili, iitwayo TAGS, ilipangwa mahsusi kwa glaukoma iliyokomaa. Wagonjwa 453 nchini Uingereza, ambao walikuwa hawajapata tiba yoyote, waligawanywa kwa kura: 227 kwa trabekulektomia na 226 kwa matone. Matokeo ya miaka 2 yalichapishwa mwaka 2021. Presha ilikuwa wastani wa 12.4 mmHg kwa waliopasuliwa na 15.1 kwa waliotumia matone, na usalama wa njia zote mbili ulikaribiana. Baada ya miaka 5 tofauti ya presha iliendelea, takriban 12 kwa 15, na eneo la kuona la waliopasuliwa lilikuwa limehifadhika vizuri zaidi. Miongozo ya kitaifa ya Uingereza inashauri mgonjwa anayefika na glaukoma ya pembe wazi iliyokomaa apewe nafasi ya upasuaji tangu mwanzo.

### Maisha ya mgonjwa

Katika utafiti wa TAGS wagonjwa waliulizwa pia kuhusu maisha yao: kusoma, kutembea, kutegemea wengine, hofu. Baada ya miaka 2 na hata 5 majibu ya makundi mawili hayakutofautiana kwa kiasi kikubwa. Jambo hili lina pande mbili. Upasuaji haukuwafanya wagonjwa wajisikie wanaona vizuri zaidi. Lakini pia hofu ya kwamba operesheni ingewaharibia maisha haikuthibitika. Faida yake ni ya polepole, na huonekana kwa kulinganisha na kile ambacho kingepotea.

## Madhara

Madhara yanayoweza kutokea baada ya trabekulektomia ni pamoja na haya:

* Uoni hafifu wa muda. Katika wiki za mwanzo wagonjwa wengi huona ukungu. Kwa kawaida huisha ndani ya wiki chache hadi miezi miwili au mitatu, na miwani mipya huweza kuhitajika.
* Presha kushuka mno. Majimaji yakitoka kwa wingi, jicho hulegea na retina hukunjamana. Mara nyingi hurekebishika, lakini pengine kifuniko hulazimika kushonwa upya.
* Mtoto wa jicho. Katika utafiti wa AGIS, trabekulektomia ya kwanza iliongeza hatari ya kupata mtoto wa jicho kwa asilimia 78. Katika uchambuzi wa Uingereza wa 2013, karibu theluthi moja ya macho yenye lenzi ya asili yalifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho baadaye.
* Maambukizi. Lengelenge ni ukuta mwembamba kati ya ndani na nje ya jicho, na hatari ya maambukizi hubaki maisha yote. Utafiti mkubwa wa Japani uliona maambukizi yanayohusu lengelenge kwa asilimia 2.2 ya macho ndani ya miaka 5. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likitoa usaha au uoni ukififia ghafla, mgonjwa anapaswa kufika hospitali siku hiyohiyo, hata kama imepita miaka mingi tangu apasuliwe.
* Kutoka damu ndani ya jicho. Ni nadra, lakini inaweza kuleta upofu.
* Uoni wa katikati kuzimika. Kwa macho ambayo eneo la kuona limebaki dogo sana, imeelezwa hali ambapo uoni wa katikati hupotea mara baada ya operesheni bila sababu iliyo wazi. Zamani hofu hiyo iliwazuia madaktari wengi kupasua wagonjwa wa hatua za mwisho. Tafiti zimeonyesha kwamba hutokea mara chache sana, na zaidi kwa macho ambayo upofu ulikuwa umeshagusa katikati au ambayo presha ilishuka mno baada ya operesheni. Bila tiba, macho hayohayo yako katika hatari kubwa zaidi ya kupofuka.

Mrija una madhara yake pia: unaweza kugusa konea na kuifanya ipoteze ung'avu, unaweza kufunuka utando ukichakaa, na wengine huona vitu viwili-viwili.

## Hali barani Afrika

Watu wenye asili ya Afrika hupata glaukoma ya pembe wazi kwa wingi zaidi, mapema zaidi kiumri na kwa ukali zaidi kuliko wenye asili ya Ulaya. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2000, uligundua glaukoma kwa asilimia 4 hivi ya watu wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Kovu nalo hujengeka kwa nguvu zaidi, na hivyo trabekulektomia isiyo na dawa ya kuzuia kovu huziba mara nyingi. Kwa sababu hiyo jaribio la kutumia fluorourasili lilifanyika Afrika Mashariki, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001. Dawa hiyo ni ya bei nafuu na hutumiwa mara moja tu wakati wa operesheni.

Wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, jicho moja likiwa limekwisha pofuka na la pili likiwa katika hatua ya juu. Kwa mtu kama huyo uamuzi ni mgumu, kwa sababu jicho linalopasuliwa ndilo pekee analolitegemea. Wakati huohuo, njia ya matone ina ugumu wake: chupa hununuliwa kila mwezi maisha yote, haipatikani kila duka la dawa, na mgonjwa haoni nafuu yoyote inayomsukuma kuendelea kuitumia.

Ugumu huo ulionekana katika utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021. Wagonjwa 201 wa glaukoma yenye presha ya juu waligawanywa kwa kura kati ya matone ya timololi na aina ya leza inayofungua chujio la jicho. Baada ya mwaka mmoja tiba ilifanikiwa kwa asilimia 31 ya macho yaliyopewa matone na asilimia 61 ya yaliyopigwa leza. Leza hiyo si upasuaji wa kukata, na kwa ugonjwa uliokomaa huenda isitoshe peke yake. Hata hivyo, utafiti ulionyesha kwamba tiba inayofanywa mara moja inaweza kumfaa mgonjwa wa Afrika Mashariki kuliko ile inayotegemea dawa ya kila siku.

Vikwazo vya upasuaji wenyewe ni uchache wa madaktari bingwa wa macho nje ya miji mikubwa, gharama za safari, na ziara nyingi zinazohitajika baada ya operesheni. Kikwazo kingine ni habari. Mtu aliyemwona jirani akirudi kutoka operesheni ya mtoto wa jicho akiona vizuri hutarajia hivyohivyo kwa glaukoma. Asipoona tofauti, au akiona ukungu wa wiki za mwanzo, husema operesheni imemharibu. Na yule aliyepofuka miaka michache baadaye kwa sababu ugonjwa ulikuwa umekwisha kwenda mbali huhesabiwa kuwa amepofushwa na kisu. Maneno hayo huwafanya wengine wakatae tiba wakati bado ingewafaa.

## Maelezo kabla ya operesheni

Kwa sababu hizo, mazungumzo kabla ya operesheni huhesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Kwa kawaida mgonjwa, na pale anapopenda jamaa atakayemsindikiza, huelezwa mambo yafuatayo:

* kwamba uoni uliopotea hautarudi;
* kwamba bila tiba uoni uliobaki unatarajiwa kuendelea kupungua;
* kwamba wiki za mwanzo anaweza kuona hafifu kuliko kabla;
* kwamba atahitaji kurudi kliniki mara nyingi, hasa mwezi wa kwanza;
* kwamba ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wapimwe macho, kwa kuwa ugonjwa huu hufuata ukoo.

## Uangalizi baada ya operesheni

Mgonjwa hutumia matone ya kuzuia uvimbe na maambukizi kwa wiki kadhaa hadi miezi michache. Huzuiwa kusugua jicho, kuinua mizigo mizito na kuingiza maji machafu jichoni. Kuinama kwa muda mrefu pia huepukwa katika wiki za mwanzo, na wanaosali hushauriwa namna ya kufanya ibada bila kusujudu hadi daktari aruhusu.

Ziara za mwanzo huamua mambo mengi. Presha ikiwa juu, daktari anaweza kukata au kulegeza uzi mmoja ili majimaji yapite. Kovu likianza kujengeka, anaweza kuchoma dawa karibu na lengelenge au kuachanisha kovu kwa sindano. Mgonjwa asiyerudi hukosa marekebisho hayo, na operesheni iliyofanyika vizuri inaweza kuziba ndani ya wiki chache.

Baadaye mgonjwa hupimwa presha na eneo la kuona mara kadhaa kwa mwaka, maisha yake yote. Aliyebaki na uoni mdogo anaweza kusaidiwa kwa njia nyingine pia: miwani ya kukuza maandishi, taa yenye mwanga wa kutosha, mafunzo ya kutembea kwa fimbo nyeupe, na kupanga nyumba ili njia zisiwe na vitu vya kujikwaa. Misaada hiyo haipingani na upasuaji, kwani uoni mdogo uliolindwa ndio unaomwezesha mtu kuitumia.

## Angalia pia

* Glaukoma
* Mtoto wa jicho
* Upofu
* Neva ya jicho
* Leza